Allostaffia wa Tendaguru: magego peke yake yanatuambia nini, na yanapatikanaje?

Mwalimu_Katuba

Jambo yenu wote. Ninafundisha biolojia sekondari hapa Lubumbashi, section ya biolojia-kemia. Mwezi ujao tunaingia kwenye asili ya mamalia, na badala ya kurudia mifano ya Ulaya nimechagua kiumbe wa upande wetu wa Afrika: Allostaffia aenigmatica wa Tendaguru, kule Lindi, Tanzania. Ni wa mwisho wa zama za Jura, miaka milioni 150 hivi iliyopita, jirani wa Giraffatitan na Kentrosaurus.

Shida ni kwamba hakuna fuvu wala ubavu wala mguu. Kuna magego machache tu, yaliyookotwa mojamoja. Wanafunzi wa hapa hawakubali jibu la juujuu, kwa hiyo naomba msaada wa wanaojua kazi hii.

Gego moja linatosha vipi kusema mwenye nalo alikuwa ndugu wa mamalia na si mjusi au samaki? Michoro ya kwenye intaneti inaonyesha mnyama kama panya, na manyoya na mkia. Mkia huo umetoka wapi? Jino la milimita mbili linaonekanaje ndani ya mlima wa udongo? Zoezi lenyewe linaweza kufanyika shuleni kwa vitu vya soko ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi? Na je, hapa Katanga kuna mahali pa kutafuta kitu cha namna hiyo?

Tuna binokulari (hadubini ya macho mawili) moja ya mara 20, basani za plastiki, bido (madumu) za lita 20, na maji ya bomba siku kadhaa kwa wiki.

---

Fundi_wa_Magego

Mwalimu, jambo. Nachukua swali la kwanza, maana hayo mengine yote yanasimama juu yake.

Anza na mizizi. Jino la samaki au la mjusi kwa kawaida lina shina moja, au halina mzizi wa kweli kabisa: limegandishwa kwenye mfupa, likichakaa linadondoka na jingine linaota, hivyo hivyo maisha yote. Magego ya mamalia na ya ndugu zao wa karibu yana mizizi iliyogawanyika, miwili au zaidi, inayoingia kila mmoja kwenye shimo lake ndani ya taya. Hata taji, yaani sehemu ya juu ya jino, likiwa limevunjika, mgawanyiko wa mizizi chini yake unaonekana kwenye binokulari ya mara 10.

Halafu taji. Kundi analowekwa Allostaffia, la haramiyida, lina gego linalotambulika haraka: safu mbili za vilele zinazokwenda sambamba kutoka mbele kwenda nyuma, na katikati yake bonde refu. Vilele havilingani. Kwenye gego la chini la Thomasia, ambaye ndiye jamaa anayejulikana vizuri kwa meno, kilele kikubwa kuliko vyote kiko mbele, upande wa ulimi, na mdomo ukifungwa kinaingia ndani ya bonde la gego la juu. Mjusi hana mpango kama huo.

Lakini ushahidi wenye nguvu zaidi ni nyuso za msuguano, na hapo ndipo ningewaweka wanafunzi muda mrefu. Mamalia hubadilisha meno mara moja tu, na magego hayabadilishwi. Kwa hiyo gego la juu na la chini hukutana mahali pale pale kwa maisha yote, na enameli, ganda gumu la nje la jino, inakatika kwa nyuso tambarare, zinazong'aa, zenye kingo kali. Ukiwasha taa kutoka pembeni, chini kabisa, utaona mikwaruzo midogo juu ya nyuso hizo. Mikwaruzo ikifuata urefu wa jino, taya lilisogea mbele na nyuma wakati wa kutafuna. Theroteinus wa Ufaransa, jamaa mwingine aliyejulikana kwa meno tu, alionyesha mwendo wa juu-chini wa kuponda. Kutoka kwenye jino moja, basi, umepata mwendo wa taya, na ukijua mwendo wa taya umeanza kujua chakula.

Sasa tahadhari mbili, Mwalimu, na usizipite haraka.

Ya kwanza: vilele vingi kwa safu si cheti cha umamalia. Tritylodon wa kusini mwa Afrika, aliyepewa jina na Richard Owen mwaka 1884, alihesabiwa kuwa mamalia kwa muda mrefu kwa sababu ya magego yake ya safu safu. Baadaye mifupa mingine ya jamii yake ilionyesha kwamba ni sinodonti, yaani yuko nje ya mamalia wenyewe, ingawa ni ndugu wa karibu. Na kuna mfano wa kushangaza zaidi kutoka bonde la Rukwa, Tanzania: Pakasuchus kapilimai, aliyetangazwa mwaka 2010. Ni jamaa wa mamba wa zama za Kretasia, mdogo kama paka, na nyuma ya mdomo alikuwa na meno yenye vilele na bonde, yanayokutana juu na chini karibu kama ya mamalia. Meno yake ya nyuma yangepatikana peke yake, bila fuvu, yangeleta mabishano makali.

Ya pili: msuguano wa kutafuna usichanganywe na kusagwa na mto. Jino lililosukumwa na maji limeviringika pande zote, hata mizizi na sehemu zilizovunjika zimelainika. Msuguano wa kutafuna uko pale tu ambapo jino la juu lingegusa la chini. Na ukikuta jino halina enameli kabisa lakini dentini, yaani sehemu ya ndani chini ya enameli, iko nzima, fikiria tumbo la mamba: asidi yake huondoa enameli na kuacha dentini.

---

Jiwe_la_Kasapa

Naongeza kuhusu mkia, maana michoro ile inaniuma.

Mkia umetoka China. Allostaffia hakuwahi kupatikana na mkia, wala manyoya, wala sikio. Kuanzia mwaka 2013, kwenye miamba ya Jura ya China, zilianza kutangazwa mifupa mizima ya viumbe wanaowekwa katika kundi la haramiyida au karibu nalo: Arboroharamiya na Megaconus mwaka ule, Shenshou na Xianshou mwaka 2014, kisha mwaka 2017 Maiopatagium na Vilevolodon, ambao waliacha hata alama ya ngozi ya kuelea hewani kati ya mikono na miguu. Wachoraji wanachukua mwili wa hao na kuuvika meno ya Tendaguru. Darasani sema wazi: mchoro ni wa mtu wa ukoo mwingine, umeazimwa. Wa kwetu tunamjua kwa magego.

Historia ya kundi lenyewe inaonyesha vizuri hatari ya kutoa majina kwa meno. Meno ya kwanza yalitangazwa na Plieninger mwaka 1847, kutoka tabaka la mifupa la mwisho wa Triasi, zama zilizotangulia Jura, huko Württemberg, Ujerumani. Karne nzima na zaidi baadaye watu walikuwa bado wanashughulika na majina mawili, Thomasia na Haramiya, kila moja na aina zake. Meno mengi ya Saint-Nicolas-de-Port, karibu na Nancy, Ufaransa, ndiyo yaliyosaidia kuonyesha kwamba moja ni gego la chini na jingine ni gego la juu la wanyama wale wale. Butler na MacIntyre waliliweka sawa jambo hilo mwaka 1994. Miaka mitatu baadaye ukatangazwa Haramiyavia wa Greenland, mwenye mataya na meno yakiwa bado mahali pake, na hapo watu wakaweza kupima mapendekezo yao juu ya mdomo halisi.

Allostaffia naye ana mambo yake. Wolf-Dieter Heinrich wa makumbusho ya Berlin alimtangaza mwaka 1999 kwa jina Staffia, kama haramiyida wa kwanza kutoka mabara ya kusini. Jina lile lilikuwa limeshachukuliwa na kiumbe mwingine, na sheria ya majina hairuhusu wawili, kwa hiyo mwaka 2004 akaitwa Allostaffia. Na si wote wanaokubali mahali alipowekwa: wapo wanaofikiri anaweza kuwa upande wa gondwanatheria, kundi la kusini ambalo nalo lilijulikana kwanza kwa meno na vipande vya mataya, mpaka fuvu la Vintana wa Madagaska lilipotangazwa mwaka 2014. Usilifiche jambo hili kwa wanafunzi. Magego machache yanabeba jina, lakini kuamua ukoo ni mzigo mzito kwao.

Kuhusu ukubwa wa mwili: kuna hesabu za kutoka urefu wa gego kwenda uzito, lakini zimetengenezwa kwa mamalia wa leo, na kosa lake ni kubwa. Wanyama wawili wenye gego la urefu ule ule wanaweza kupishana uzito mara kadhaa, kwa sababu mmoja ana meno makubwa kwa mwili wake na mwingine madogo. Mwambie mwanafunzi "mdogo, kati ya panya wa nyumbani na panya buku mchanga", usimwandikie gramu 37 ubaoni.

---

Mpiga_Chungio

Mwalimu_Katuba, swali lako la tatu na la nne ndiyo kazi yangu. Soma polepole.

Hakuna anayetembea juu ya kilima cha Tendaguru akaliona jino la milimita mbili. Msafara mkubwa wa Wajerumani wa mwaka 1909 hadi 1913 ulibeba kwenda Berlin mifupa ya dinosaria kwa matani, na mifupa ile ilitafutwa kwa macho na majembe. Meno madogo yanataka kuoshwa na kuchungwa. Na yanataka udongo mwingi. Charles Moore, Mwingereza wa karne ya 19, aliosha kama tani 3 za udongo uliojaza ufa wa chokaa kule Holwell, Somerset. Alitoa meno ya samaki kwa makumi ya maelfu, lakini ya jamaa hawa hayakufika hata 30. Basi wanafunzi wakiosha kilo 10 wakakosa, hawajakosea chochote.

Zoezi la shule lifanyeni hivi. Chukueni udongo wa kichuguu kilo 10, ule mwekundu wanaofyatulia matofali. Uanikeni juani mpaka ukauke kabisa, na mabonge yasizidi ukubwa wa yai. Hapa ndipo wengi wanaharibu: udongo ukiwa na unyevu kidogo ndani, maji hayaingii. Ukiwa mkavu kabisa, maji yanavamia matundu yote kwa pamoja na bonge linapasuka lenyewe, bila kuguswa. Upimeni uzito ukiwa mkavu na muuandike, kwa sababu bila uzito huo hamtaweza kusema meno mangapi kwa kilo.

Mimina udongo kwenye basani, funika kwa maji yazidi kwa upana wa viganja viwili, acha usiku mzima. Usikoroge. Asubuhi mimina taratibu kwenye chungio. Mabonge yaliyobaki magumu yaanike tena, loweka tena; mara mbili au tatu yatakuwa yamekwisha.

Chungio ndiyo roho ya kazi. Mnahitaji mbili, moja juu ya nyingine: ya juu matundu ya milimita 2 kushika mawe na mizizi, ya chini nusu milimita. Chandarua hakifai, matundu yake yanazidi milimita 1 na gego dogo linapita likisimama kwa urefu. Chungio cha unga cha sokoni kinaweza kufaa, lakini kipimeni: weka rula, hesabu matundu ndani ya sentimita 1. Ukipata 12, kila tundu pamoja na uzi wake ni milimita 0.83, toa unene wa uzi, tuseme 0.25, inabaki 0.58. Hiyo inafaa kwa zoezi. Ukipata 7 au 8, rudisha sokoni.

Kuosha: usifungulie bomba la nguvu juu ya chungio, na usisugue kwa kiganja. Enameli ni ngumu lakini jino la kisukuku limejaa nyufa, likibanwa na waya linakatika katikati ya mizizi. Tumbukiza chungio ndani ya basani kubwa ya maji mpaka nusu ya ukingo, kisha lizungushe na kulipandisha na kulishusha taratibu, udongo utoke chini wenyewe. Maji machafu yaacheni yatulie kwenye futi (pipa), mchana mnayatumia tena. Kwa shida ya maji ya mji wetu hilo ni la lazima. Kilichobaki kwenye chungio kigeuzieni juu ya kitambaa cheupe, kikauke kivulini. Kati ya mfuko mmoja wa udongo na mwingine chungio lisafishwe kwa burashi pande zote mbili na kukaguliwa dhidi ya jua, ama sivyo jino la mfuko wa kwanza litaonekana limetoka kwenye wa pili.

Sasa kipimo cha uaminifu. Kabla ya kuosha, mtu mmoja achanganye ushanga 40 wa milimita 2 ndani ya udongo mkavu, bila kuwaambia rangi. Mwisho wahesabu. Zikirudi 38 au zaidi, timu inafanya kazi. Zikirudi 25, tafuteni: ama chungio lina tundu kwenye ukingo, pale waya unaposhikana na fremu (hapo ndipo panapopasuka kwanza), ama waliookota wamechoka macho. Rudieni kuokota kabla ya kulaumu chungio.

---

Mwalimu_Katuba

Aksanti sana, yaya. Hilo la ushanga tutalifanya. Swali la nyongeza: mwanafunzi mmoja baba yake anafanya kazi ya betri za magari, ameahidi kutuletea asidi ya kuyeyusha jiwe la chokaa. Inafaa? Na petroli ya taa, yaani mafuta ya taa, nimesikia inatumika kwa udongo mgumu.

---

Mpiga_Chungio

Asidi ya betri, hapana, isiingie darasani hata kidogo. Ni asidi salfuriki. Ikigusa chokaa inatengeneza jasi, ganda jeupe linalofunika jiwe na kufungia jino ndani, na jino lenyewe linaliwa. Asidi ya hidrokloriki nayo inayeyusha meno karibu sawa na jiwe. Kwa jiwe la chokaa watu wa kazi hii wanatumia asidi asetiki ya asilimia 5 hadi 10, kwa sababu inakula kabonati haraka na fosfati ya jino polepole. Polepole maana yake bado inakula. Ndiyo maana maji ya asidi yanashibishwa kwanza kwa fosfati ya kalsiamu, kama gramu 1 kwa lita, ili asidi isiwe na njaa ya jino.

Kwa shule, vinegre (siki) ya kawaida yatosha kuonyesha. Weka kipande cha chokaa na jino la panya pamoja kwenye glasi, jino lingine la panya kwenye glasi ya vinegre iliyolala usiku mzima na unga wa mfupa wa ng'ombe uliochomwa, mkaangalie kila siku mng'ao wa enameli. Wanaofungua glasi wavae miwani, dirisha liwe wazi.

Kosa linaloua meno mengi zaidi halipo kwenye asidi, lipo baada yake. Usiposuuza vya kutosha, chumvi ya asetati inabaki ndani ya nyufa. Jino likikauka, chumvi inaganda fuwele na kulipasua kutoka ndani. Limeoga asidi siku moja, likae majini siku mbili au tatu, na maji yabadilishwe mara kwa mara.

Petroli ya taa ndiyo, inafanya kazi kwa udongo mgumu uliokauka kabisa: unauloweka saa kadhaa mpaka unywe, unamwaga petroli iliyobaki (chuja, inatumika tena), kisha unafunika kwa maji ya moto yaliyochemshwa mahali pengine. Maji yanaisukuma petroli nje na bonge linabomoka kuwa tope. Lakini kwa wanafunzi thelathini, chumba kimoja na mbabula (jiko la makaa) jirani, mimi nisingeifanya. Kichuguu hakihitaji.

---

Mama_Binokulari

Mwalimu, hakuna aliyekuambia habari ya kuokota, na huko ndiko saa nyingi zinakwenda.

Mabaki makavu yachungeni kwa ukubwa kwanza: zaidi ya milimita 2, kati ya 1 na 2, na chini ya 1. Jicho linachoka haraka likichanganyiwa punje kubwa na ndogo. Tandaza kijiko kimoja cha chai kwenye sahani bapa iliyochorwa mistari ya sentimita 1, punje zisilaliane. Kwa meno meusi au ya kahawia tumia sahani nyeupe. Kwa meno meupe, nyeusi. Pitia mraba kwa mraba, kwenda na kurudi kama anayelima matuta. Mtu mmoja asizidi dakika 30 bila kupumzika, halafu mwenzake apitie sahani ile ile upya.

Tafuta mng'ao kabla ya umbo. Enameli inang'aa kama mafuta, mchanga wa kwatzi unang'aa kama kioo kilichovunjika. Ukiishazoea tofauti hiyo, mkono unakwenda wenyewe. Chukua kwa ncha ya burashi nyembamba iliyoloweshwa kidogo, kamwe si kibano: kibano kinarusha jino, na jino la milimita moja na nusu likiruka kwenye sakafu ya saruji limekwenda.

Kila jino lipate kopo lake, na karatasi ndani yake: mahali, tabaka, tarehe, namba. Vidonge vitupu vya jelatini vya farmasi ni vizuri sana. Jino likivunjika, gundi iwe ya kuyeyuka kwa asetoni, kama Paraloid B-72. Ile gundi ya haraka ya viatu inashika kabisa, na siku ukitaka kukigeuza kipande vizuri utavunja mahali papya.

Kupima: rula na kaliper za duka hazifai chini ya milimita 3. Piga foto kupitia binokulari na kipande cha karatasi ya milimita kikiwa kimo sawa na taji, upime kwenye foto. Jino likiinama kidogo urefu unapungua bila wewe kujua, kwa hiyo liweke kwenye nta laini, lisawazishe mpaka vilele vya mbele na vya nyuma vionekane wazi kwa pamoja, piga, liondoe, liweke upya, piga tena. Foto tatu. Zikipishana zaidi ya asilimia 5, nta yako inayumba.

Na kwa kuzoeza macho tumieni matapishi ya bundi, yanapatikana chini ya paa za majengo makubwa na bohari. Yafungeni kwa karatasi ya aluminiamu, yakae kwenye tanuri la mkate joto la nyuzi 160 kwa dakika 40 ili kuua vijidudu, kisha yaloweshwe maji ya uvuguvugu. Mtapata mataya ya panya na ya virukanjia, meno yakiwa mahali pake. Ng'oeni magego machache, yachanganyeni, mwambie kila mwanafunzi aseme: la juu au la chini, kushoto au kulia, la panya au la kirukanjia. Atakayelifanya hilo kwa jino lililong'olewa ataelewa Heinrich alikuwa na kazi gani.

---

Fundi_wa_Magego

Mama_Binokulari amesema vema. Kwa wale wasiopata zamu kwenye binokulari, finyangeni mfano mkubwa wa mara 50: gego la milimita 2 linakuwa sentimita 10. Gego la chini: safu mbili, bonde katikati, kilele cha mbele upande wa ulimi kirefu kuliko vyote. La juu lifinyangwe likiwa bichi kwa kulibana juu ya lile la chini lililokwisha kukauka na kupakwa majivu, ili vilele vya moja viingie kwenye bonde la lingine. Yakikauka yote mawili, paka la juu unga wa makaa, uyakutanishe, uvute la chini kuelekea nyuma kwa sentimita moja tu. Makaa yatahamia mahali fulani fulani, na hizo ndizo nyuso za msuguano. Kisha jaribuni kufunga moja kwa moja bila kuvuta, mlinganishe alama. Tofauti kati ya kuponda kwa Theroteinus na kuvuta kwa Thomasia wataiona wenyewe, kwa makaa.

---

Jiwe_la_Kasapa

Limebaki swali la Katanga.

Miamba inayobeba shaba yetu, kuanzia Kolwezi, Likasi, Lubumbashi hadi Kipushi, ina zaidi ya miaka milioni 500. Wakati inatulia chini ya maji hapakuwa bado na mnyama mwenye taya, sembuse gego. Kwa hiyo mashimo ya kreseri, wachimbaji wadogo, hayatatoa Allostaffia, hata wachimbe mpaka wapi. Msiwapeleke wanafunzi huko. Ukuta wa shimo ni hatari na hakuna cha kutafuta.

Luena kuna makaa ya mawe ya miamba ya Karoo, lakini hayo ni ya zama za Permi, kabla ya mamalia kuwapo. Miamba ya Jura ya nchi yetu iko upande wa Kisangani, na inajulikana zaidi kwa samaki wake. Mtu wa Kisangani akiosha tabaka zile kwa chungio la nusu milimita, kwa tani na si kwa kilo, atakuwa anafanya jambo la maana.

Kitu kimoja cha hapa nyumbani ningekiangalia: nyufa na mapango ndani ya chokaa, kama ile ya Kakontwe karibu na Likasi. Umri wa jiwe si umri wa udongo uliojaza ufa wake. Udongo wa Moore kule Holwell ulikuwa wa Triasi ndani ya ufa wa chokaa ya zama za Karboni, yenye umri mkubwa zaidi kwa zaidi ya miaka milioni 100. Kwenye nyufa zetu tarajieni popo na panya wa zama za karibu, si wa Jura. Lakini kazi ni ile ile, na kabla ya kuchukua hata kijiko ongeeni na idara ya jiolojia ya chuo kikuu na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, kwa sababu visukuku si mali ya anayeviokota. Chukueni foto ya ufa mkiwa na rula ndani yake, andikeni kina kutoka juu, na kila sentimita 20 ya udongo iingie mfuko wake. Ukichanganya juu na chini kwenye mfuko mmoja, hakuna chungio litakalotenganisha tena.